Mtoto Anayenenepa Kupita Kiasi: Mwongozo Kamili kwa Wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Huku kwetu chakula kipo. Mahindi ya Mbozi na Sumbawanga, mchele wa Kyela na Mbarali, viazi mviringo vya Njombe na Makete, ndizi, maziwa na maparachichi ya Rungwe, maharage karibu kila shamba. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa afya wa 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi nzima kwa udumavu: watoto 57 hivi katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Njombe na Rukwa zilifuata, zikiwa na takriban nusu ya watoto wao. Ndiyo maana mtu akianza kuzungumzia watoto wanene Mbeya au Iringa, wengi humwona kama analeta mambo ya Dar es Salaam.

Mimi nasema jambo hili ni letu, tena linatoka jiko lile lile linalotoa udumavu. Mtoto hudumaa akiwa na sahani iliyojaa ugali au viazi, huku maziwa, mayai, maharage, mboga na matunda vikipungua. Kipato kikipanda kidogo, au familia ikihamia mjini, sahani hiyo huongezewa mafuta, sukari na soda. Mboga na matunda hubaki palepale. Na mtoto aliyedumaa akiwa mdogo yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kunenepa baadaye akilishwa hivyo. Kwa hiyo unaweza kumkuta mtoto mfupi na mnene kwa wakati mmoja, na majirani wakamsifu mama yake kwamba anajua kulea.

Mwongozo huu unamhusu mzazi na mlezi kwa sababu rahisi: mtoto wa miaka saba hana mshahara, haendi soko la Mwanjelwa kununua mafuta, wala hapangi saa ya kula. Karibu kila kinachoingia kinywani mwake kimepita kwanza kwenye mkono au mfuko wa mtu mzima. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, kifungu cha 8, inamwajibisha mzazi na mlezi kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na maongozi, pamoja na haki ya kucheza na kupumzika. Chakula tunakikumbuka. Kucheza tunakusahau, na kwa unene wa mtoto vyote viwili vinahusika.

Hatua ya 1: Mpime, usimkadirie kwa macho

Macho yetu si mizani nzuri kwa jambo hili. Mikoa yetu imepita kipindi kigumu cha UKIMWI, na kwa miaka mingi wembamba uliogopesha. Mtu akipungua kidogo tu maneno yalianza. Unene ukawa dalili ya uzima na ya mfuko mzuri. Mtoto akiwa na mashavu yaliyojaa na mikunjo mapajani, wageni humbeba na kusema amenawiri. Mtoto mwenye uzito sahihi akisimama pembeni yake anaonekana kama hapewi chakula.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, peleka kadi kliniki na uombe apimwe vyote viwili, uzito na urefu. Sehemu nyingi hupima uzito kwa umri tu, na kipimo hicho peke yake kinaweza kukudanganya: mtoto mfupi aliyenenepa huonekana yuko eneo la kijani, salama kabisa. Muulize mhudumu: "Uzito wake unalingana na urefu wake?" Wazazi wengi huacha kliniki baada ya chanjo ya miezi 18. Wewe endelea hadi miaka mitano, hata kama hakuna sindano inayomsubiri.

Kuanzia miaka mitano, unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Wahudumu wa afya wanauita uwiano huo BMI. Tuchukue binti wa miaka 10 mwenye kilo 38 na urefu wa sentimita 135. Zidisha 1.35 kwa 1.35, unapata 1.82. Gawanya 38 kwa 1.82, unapata karibu 20.9. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2007, binti wa miaka 10 akizidi 19.0 ana uzito uliozidi, na akizidi 22.6 ana kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Kwa mvulana wa umri huo mipaka ni 18.5 na 21.4. Kwa watoto wa miaka mitano, mipaka ya msichana ni kama 16.9 na 18.9, ya mvulana 16.6 na 18.3. Usitumie ile 25 ya watu wazima kwa mtoto. Utaambiwa yuko sawa wakati amekwisha kuzidi.

Mpime urefu akiwa peku, visigino na mgongo vimegusa ukuta, anatazama mbele, kitabu kigumu kimelazwa juu ya kichwa. Mizani ya duka la dawa inatosha kwa uzito. Andika tarehe. Pima tena baada ya miezi mitatu. Kumpandisha mizani kila asubuhi kunamfanya auchukie mwili wake na hakukuambii lolote jipya.

Hatua ya 2: Daftari la wiki moja

Kabla hujabadilisha chochote, andika kwa siku saba kila kitu anachokula na kunywa, nani alimpa, na saa ngapi. Andika pia alichopewa na bibi, na shangazi, na mwenye duka aliyempa pipi badala ya chenji. Usimkaripie wakati wa kuandika, vinginevyo ataanza kuficha.

Tuchukue mwanafunzi wa darasa la nne anayeishi Ilomba au Uyole, jijini Mbeya. Asubuhi chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, na maandazi matatu. Mfukoni ana shilingi elfu moja. Mapumziko ananunua barafu ya rangi na kipakiti cha viazi vya kukaanga. Mchana anakula wali maharage. Jioni baba anarudi na soda. Usiku chai tena, vijiko vitatu, na chipsi zilizobaki. Soda ya kawaida ina gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai. Jumlisha na chai mbili: vijiko 15. Barafu, pipi na sukari ya ndani ya maandazi hatujavigusa.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote anayopata mtu kwa siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtoto wa shule ya msingi, hiyo asilimia 5 ni kama vijiko vitano au sita vya chai, vya kusawazisha, si vya kulundika. Wazazi wengi wakimaliza wiki ya daftari hawahitaji kuambiwa na mtu pa kuanzia. Karatasi inaonyesha.

Hatua ya 3: Gawaneni kazi mezani

Hapa ndipo wajibu wa mzazi unapokaa, na ndipo nyumba nyingi zinapokwama pande mbili. Kuna nyumba mtoto ndiye anayeamua: hataki mboga, anakaangiwa chipsi, analia, anapewa soda. Kuna nyumba mzazi anaamua hata idadi ya matonge: "Maliza sahani yote, chakula hakitupwi." Zote mbili zinanenepesha.

Mgawanyo unaofanya kazi ni huu. Mzazi anaamua chakula gani kitapikwa, saa ngapi, na kitaliwa wapi. Mtoto anaamua ale kiasi gani kati ya vilivyopo, hata kama ni kidogo. Hapikiwi chakula kingine. Hapewi biskuti nusu saa baadaye kwa kumhurumia. Anasubiri mlo unaofuata, na mtoto mwenye afya hadhuriki kwa kukosa mlo mmoja aliouchagua mwenyewe.

Kumlazimisha kumaliza sahani kunamfundisha kupuuza tumbo lake linapomwambia limetosha. Najua tumelelewa hivyo, na wazazi wetu walikuwa na sababu: chakula kilitokana na jembe. Lakini suluhisho la chakula kutupwa ni kupakua kidogo na kumruhusu aongeze. Mpe tonge la ugali lenye ukubwa wa ngumi yake mwenyewe kwanza. Akimaliza, na mboga ikiwa imeliwa, aongeze. Subirini kidogo kabla ya kuongeza, maana tumbo huchelewa kama dakika 20 kutoa taarifa kwamba limeshiba.

Kuleni pamoja, televisheni imezimwa. Wengi wetu bado tunakula kwenye sinia moja, na sinia ni jambo zuri kwa undugu, ila kwa watoto wenye kasi tofauti huwa ni mashindano. Mkiwa na mtoto anayenenepa na mwingine anayepungua katika sinia moja, wapakulieni sahani zao kwa kipindi hiki, wote wawili, ili asionekane mmoja ameadhibiwa.

Na usitumie chakula kama zawadi wala adhabu. "Ukifaulu nitakununulia chipsi kuku" ni sentensi inayompa chipsi cheo ambacho maharage hayatakipata kamwe. Akifaulu, mnunulie mpira, au mpeleke Matema akaogelee ziwani.

Hatua ya 4: Anza na vinywaji

Ukiwa na nguvu ya kubadilisha kitu kimoja tu mwezi huu, badilisha kinywaji. Sukari ya majimaji haishibishi; mtoto anakunywa chupa nzima na bado anakula mlo wake wote. Nyumbani soda isiwepo. Ibaki ya sherehe, ya harusi na Krismasi, na hata huko apewe chupa moja ndogo.

Juisi ya pakiti iweke kundi moja na soda. Hata juisi ya matunda uliyosaga mwenyewe, ukiichuja, umeacha nyuzinyuzi na kumpa sukari ya machungwa manne kwa mkupuo. Chungwa alile. Embe la Kyela alile. Maziwa yasiyotiwa sukari ni mazuri sana, kikombe kimoja au viwili kwa siku, na huku kwetu yanapatikana. Maji yachemshwe, yapozwe, yakae kwenye jagi mahali mtoto anapofika bila kuomba.

Chai usiikatishe ghafla. Ondoa nusu kijiko kila wiki. Ukianza na vijiko vitatu, baada ya mwezi mmoja hivi umefika kimoja na ulimi umeshazoea. Bakuli la sukari liondoke mezani. Mpishi atie mwenyewe jikoni.

Hatua ya 5: Asubuhi, na habari ya uji wa lishe

Maandazi na chapati kila asubuhi ni ngano iliyokobolewa na mafuta, na saa nne mtoto ana njaa tena. Mbadala tunao shambani: viazi vitamu, magimbi, mihogo au ndizi vya kuchemsha, pamoja na yai moja au maziwa, au maharage ya jana yaliyopashwa. Sijawahi kuelewa kwa nini kiazi kitamu cha kuchemsha kilionekana chakula cha shida na andazi likaonekana maendeleo.

Uji wa lishe unahitaji maneno zaidi, maana wazazi wengi wanautegemea kwa moyo safi kabisa. Unga unaouzwa au kusagishwa huchanganya mahindi, mchele, ulezi, ngano, uwele, soya, karanga, wakati mwingine hadi dagaa. Wataalamu wa lishe hapa nchini wamekuwa wakishauri tuache mchanganyiko huo, na sababu zao zina mantiki. Mahindi, mchele, ulezi na ngano vyote ni kundi moja la nafaka. Kuviweka vinne hakuongezi kundi jipya. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, na huhitaji matayarisho ya joto kabla ya kusagwa. Karanga zikisagwa na kukaa kwenye unga huvunda upesi na zinaweza kubeba sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Halafu ili mtoto aunywe uji huo mzito, unatiwa sukari vijiko vinne na majarini juu. Hapo umepika kitindamlo na kukiita lishe.

Fanya hivi: unga wa nafaka moja, kwa mfano ulezi au mahindi. Uji ukiiva, tia maziwa, au kijiko cha karanga zilizosagwa siku hiyo, au ponda parachichi au ndizi mbivu uchanganye. Utamu wa ndizi unatosha. Mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji sukari ya kuongezwa hata kidogo, na mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama. Kunyonyesha hivyo, kisha kuendelea hadi miaka miwili au zaidi pamoja na chakula kingine, kunampunguzia mtoto hatari ya kunenepa baadaye.

Hatua ya 6: Sahani ya mchana na usiku

Kama nusu ya sahani iwe mboga za majani na matunda. Robo ugali, wali, ndizi au viazi. Robo nyingine maharage, dagaa, samaki, nyama au yai. Kwenye nyumba nyingi leo mpangilio ni robo tatu wanga na mboga ya kulowekea tonge. Usijaribu kuugeuza siku moja. Ongeza mboga kwanza: majani ya maboga, mnafu, chainizi, matembele, kabichi. Wanga utajipunguza wenyewe tumbo likipata kingine.

Ugali wa dona una nyuzinyuzi na virutubisho ambavyo kukoboa kunaviondoa kwenye sembe. Ila dona inataka mahindi yaliyokaushwa sawasawa na kuhifadhiwa pakavu. Mahindi yenye ukungu yasiingie mashineni, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kupika. Watoto wakigoma rangi, changanya nusu kwa nusu.

Mafuta yapime. Kijiko kimoja cha mezani kina karibu kalori 120, na mkono unaomimina moja kwa moja kutoka dumu la lita tano haujui umetia vijiko vingapi. Familia ya watu watano inaweza kupika mboga nzuri kwa vijiko viwili au vitatu. Kwenye mboga yenye karanga, punguza zaidi.

Parachichi watu huliogopa wakisikia lina mafuta. Msiliogope. Nusu ya parachichi kwenye mlo badala ya mafuta ya kukaangia ni mabadiliko mazuri, mradi lisije kuongezwa juu ya chipsi. Ndizi zilizopikwa kwa maharage au nyama kidogo, mbalaga kama wanavyozipika Rungwe, ni mlo kamili ukiwekewa mboga pembeni. Kande nazo ni hivyo hivyo. Usipa wa Ziwa Nyasa, wakichemshwa na nyanya, ni protini nafuu kuliko soseji na wana madini ya kalisi kwa sababu huliwa na mifupa yake.

Chipsi za mitaani, kama za Mafiati na Kabwe jijini Mbeya: mara moja kwa mwezi, mkizila pamoja mchana. Tabia ya kubeba mfuko wa chipsi saa tatu usiku na kumwamsha mtoto ale, kwa upendo, iishe.

Hatua ya 7: Hela ya shule

Hili ndilo shimo kubwa zaidi. Mzazi anaweza kupika vizuri mwezi mzima na kila asubuhi akampa mtoto noti ya kununua alichokikataza. Getini kuna barafu, pipi, ubuyu wa rangi, viazi vya kukaanga na soda za kupima kwenye kikombe. Wauzaji wanatafuta riziki, wanauza kinachonunuliwa.

Jaribu kwa mfuatano huu. Kwanza, fungasha. Viazi vitamu viwili, yai la kuchemsha, ndizi mbivu na chupa ya maji havizidi sana ile shilingi elfu moja, mara nyingi ni chini yake ukinunua sokoni kwa fungu. Mtoto achague jioni kati ya vitu viwili au vitatu ulivyonavyo, akisaidia kufungasha atakula. Pili, kama lazima awe na hela, ipunguze na mkubaliane itanunua nini: karanga, machungwa, mahindi ya kuchoma. Tatu, nenda kwenye kikao cha wazazi na kamati ya shule. Chakula cha shuleni, kande au ugali maharage, kinaokoa watoto wengi kutoka kwenye vitafunwa vya getini, na kinategemea michango yetu ya mahindi, maharage na kuni. Mzazi mmoja akilalamika, anaonekana msumbufu. Wazazi kumi wakipendekeza matunda na karanga viuzwe badala ya barafu za rangi, mwalimu mkuu ana pa kushika. Waalikeni wauzaji kwenye mazungumzo, msiwafukuze.

Hatua ya 8: Watu wazima wengine

Mtoto wa huku halelewi na watu wawili. Yuko bibi, wako shangazi na mjomba, yuko dada wa kazi anayeshinda naye. Mpango wako ukiwa siri yako utavunjwa mchana kweupe.

Kwa bibi, anza na heshima na mpe nafasi: "Shikamoo mama. Tulikwenda kliniki, wametuambia uzito wa mjukuu wako umezidi na wanaogopa kisukari. Naomba utusaidie. Akija kwako mpe maziwa, ndizi, maharage yako yale anayoyapenda. Soda na biskuti tumwekee ya sikukuu." Bibi wengi wa vijijini walilea watoto kwa vyakula vizuri kuliko vyetu, na ukimwomba akufundishe kupika mnafu utapata mshirika. Dada wa kazi mwelekeze kwa upole na umwoneshe kwa vitendo kipimo cha sukari na mafuta. Usimlaumu kwa kumpa mtoto biskuti za kumnyamazisha kama hujamwachia kitu kingine cha kumpa.

Na baba. Akina baba wengi wanatoka asubuhi, wanarudi usiku, na upendo wao unakuja ndani ya mfuko wa nailoni. Ndugu yangu, mtoto anakusubiri wewe. Rudi siku moja kabla jua halijazama mkapige mpira.

Hatua ya 9: Arudishiwe kucheza na kulala

Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 za kutoka jasho kila siku. Kizazi chetu kilipata hizo kwa kutembea shule, kuchota maji na kucheza rede, kombolela, kuruka kamba na chandimu. Sasa gari la shule linamchukua kabla jua halijachomoza, linamrudisha jioni, kisha ana kazi za nyumbani na katuni. Uwanja wa mtaa umejengwa fremu.

Kama shule si mbali na njia ni salama, atembee, hata nusu ya njia. Jumamosi aende nanyi shambani au apande mlima nanyi. Mbeya tumezungukwa na milima. Kazi za nyumbani kama kufagia, kufua soksi zake na kuchota maji ni mazoezi pia. Juni na Julai baridi yetu inawafungia watoto ndani, hasa Makete, Njombe na Uporoto. Hapo kamba ya kuruka sebuleni na muziki wa kucheza vinasaidia, na sweta si kizuizi cha kukimbia nje saa sita mchana jua likiwaka.

Simu na televisheni: mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku, wa chini ya miaka miwili asiwekewe kabisa. Kwa wakubwa, wekeni saa ya kuzima, na simu ilale chumba cha wazazi. Usingizi wenyewe una kazi kwenye uzito: mtoto asiyelala vya kutosha huamka na njaa zaidi na hutamani vitamu. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Akiamshwa saa kumi na moja alfajiri, hesabu mwenyewe anatakiwa kulala saa ngapi.

Hatua ya 10: Maneno ya nyumbani

"Bonge", "kibonge", "tipwatipwa". Acheni, hata kama anacheka. Watoto wanaochekwa nyumbani na shuleni hula kwa kujificha na hukwepa michezo, na unene huzidi. Usimlinganishe na nduguye. Usimwambie yuko kwenye dayati. Sema "sisi nyumbani tunakula hivi," na iwe kweli kwa wote, pamoja na wewe. Mzazi mwenye chupa ya soda mkononi hawezi kumfundisha mtoto kunywa maji.

Lengo nalo liwe sahihi. Mtoto anayekua kwa kawaida hapaswi kupunguzwa kilo. Inatosha uzito usimame huku urefu ukipanda. Mrudie yule binti wa kilo 38. Akikua sentimita 5 kwa mwaka, jambo la kawaida kwa umri wake, na uzito ukabaki 38, akiwa na miaka 11 uwiano wake unakuwa 19.4. Mpaka wa msichana wa miaka 11 ni 19.9. Amerudi kwenye uzito wa kawaida, na hakuna usiku hata mmoja aliolala na njaa. Kwa hiyo usimpe dawa za kupunguza unene, chai za kuharisha, wala kumnyima mlo wa usiku.

Hatua ya 11: Lini umwone daktari

Mpeleke hospitali akiwa amefika kiwango cha kiribatumbo, au ukiona lolote kati ya haya hata kabla hajafika: anakoroma sana na kukatika pumzi usingizini, anasinzia darasani; anakunywa maji mno, anakojoa mara kwa mara, ameanza tena kukojoa kitandani; anachechemea au analalamika nyonga au magoti; kichwa kinamuuma mara kwa mara. Tazama pia shingo yake kwa nyuma na makwapani. Ngozi ikiwa nyeusi, nene, kama mahameli, mama wengi huisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu, na mtoto anaumia bure. Mara nyingi ni alama kwamba insulini yake, homoni inayosimamia sukari mwilini, inafanya kazi kwa shida, na kisukari cha aina ya pili kinaweza kufuata.

Dalili moja inahitaji uharaka zaidi katika mikoa yetu, kwa sababu ni rahisi kuichukulia kama udumavu wa kawaida: mtoto anayenenepa huku urefu wake umesimama. Unene wa chakula kwa kawaida huenda na urefu unaopanda. Urefu ukisimama, huenda kuna tatizo la homoni, na hilo halitatibiwa na mboga za majani.

Anzia kituo cha afya cha karibu, uliza afisa lishe wa halmashauri, nao watakupa rufaa ikihitajika. Nenda na kadi ya kliniki, vipimo ulivyoandika na tarehe zake, na lile daftari la wiki moja. Mwambie daktari kama kuna ndugu wa damu mwenye kisukari au presha, mtoto alizaliwa na kilo ngapi, na kama amewahi kutumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu kwa ajili ya pumu au ugonjwa mwingine, maana navyo huongeza uzito. Usimwachishe dawa hizo mwenyewe. Daktari ndiye atakayesema zipunguzwe vipi.